Kutoa Pasi na Kutupa Mzigo

Katika viwanja vya shule zetu za Handeni na Korogwe neno lisikikalo zaidi wakati wa jioni ni hili, "Toa pasi!" Sisi walimu twalipaza, wazazi waliosimama kando hulipaza, na hata watoto wasio na zamu ya kucheza hulipaza kutoka juu ya mwembe. Tumelizoea hata tukalitia katika hesabu ya mambo mema: atoaye mpira ni mwungwana, akaaye nao ni mchoyo. Siku hizi tumeingiwa na shaka, nayo ndiyo twaileta mbele yenu.

Katika timu yetu alikuwako kijana mmoja hodari wa chenga, asiyependa mwenziwe auguse mpira. Tulimkemea, tukamkalisha nje siku mbili, akanyamaza na kutii. Kisha tukapanda gari kutoka Handeni kwenda Korogwe, mwendo wa kilometa zipatazo 65, kucheza na shule ya huko. Hata mchezo ukikaribia kwisha hapakuwa na mshindi. Kijana yule akazingirwa na wapinzani wawili karibu na goli letu. Papo hapo akampasia mtoto aliyekuwa mdogo kupita wote, ambaye naye alikuwa na mpinzani mgongoni. Mdogo akanyang'anywa, goli likaingia. Wenziwe wakamlaumu, nasi, twaona haya kusema, tukamlaumu pamoja nao. Garini hakuna aliyetaka kuketi karibu naye. Kesho yake tulimwuliza yule hodari sababu ya kumpa mwenziwe mpira vile. Akajibu kwa adabu, "Walimu, si mlisema tutoe pasi?"

Jibu hilo lilitukosesha usingizi, maana hakuvunja amri yetu hata kidogo. Aliona hatari yamjia, akaiondoa miguuni pake, akaiweka miguuni pa mwenziwe, kisha akabaki hana lawama. Je, tuuite huo ukarimu? Mtu akimrithisha ndugu yake deni, hatusemi kwamba amempa mali. Na kaka amwachiaye mdogo wake ng'ombe waliokwisha kuingia shamba la watu, yeye akaenda zake, hatumsifu kwa kuwa amemwamini mdogo na mifugo.

Kutoa pasi hakukuwa tangu zamani sehemu kubwa ya mchezo. Sheria zilizotungwa Uingereza mwaka 1863 hazikumruhusu mtu kupelekewa mpira akiwa mbele ya mwenziwe aupigaye. Basi kila mtu aliukokota mwenyewe, wengine wakimfuata nyuma. Mwaka 1866 sheria ikalegezwa. Na tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti ilipocheza na Uingereza mjini Glasgow, husimuliwa kwamba Waskoti, waliokuwa wepesi wa miili kuliko wenzao, walipelekeana mpira mtu kwa mtu, na mchezo ukaisha bila goli. Twaipenda sana habari hii. Waliopelekeana mpira katika habari hiyo walikuwa wepesi wa miili, nao walipunguziana mzigo. Sisi tumeifanya kuwa njia ya kumtwika mdogo.

Basi tumebadili mafundisho. Zamani tulianza na mguu: mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, kifundo kikazwe, mpira upigwe kwa upande wa ndani. Hayo yangali ya lazima. Lakini sasa twaanza na macho. Watoto wanne husimama pembe nne, wa tano huwekwa katikati kuwinda mpira, na kabla ya kupiga kila mmoja sharti ataje jina la atakayempokea na kusema mwindaji yuko upande gani wake. Mpira upelekwe kwenye mguu ulio mbali na mwindaji, wala usipigwe kwa nguvu ya kumvunja mwenzio. Mazoezi yamekuwa ya polepole mno, na wazazi wengine wametucheka.

Mtu aweza kuuliza, je, mwenye mpira akae nao hata lini, ikiwa kila mwenziwe amebanwa? Twajibu kwamba pengine kukaa nao ndiko wema wenyewe. Augeuze, aukinge kwa mwili wake, avumilie kugongwa hata mwenziwe apate nafasi, na akinyang'anywa, iwe ni yeye aliyenyang'anywa. Jambo hili ni gumu kumfundisha mtoto tuliyemwadhibu juzi kwa uchoyo. Na apokeaye naye ana wajibu wake wa kusogea ili aonekane. Mdogo wetu siku ile alisimama palepale. Lakini nani alimfundisha kusogea? Tulikuwa tumeshughulika na yule hodari tu.

Mtoto huyo hakuja mazoezini majuma mawili. Tulimfuata kwao, tukasema mbele ya baba yake kwamba kosa halikuwa lake, nalo lilikuwa letu zaidi. Alirudi siku ya Jumatatu, akaomba asiwekwe tena karibu na goli letu. Tukamkubalia kwa sasa.