Kabla Hamjagusa Skrubu za Dupleksa

Wanangu mliokabidhiwa ripita yetu, nawaombeni jambo moja: bisibisi iacheni mezani mpaka mjue mnatafuta nini. Dupleksa nyingi ninazoletewa hazikuharibika zenyewe. Zilichezewa.

Kazi yake mnaijua. Ripita hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, kwa antena moja, na dupleksa, yaani seti ya mitungi ya kuchuja, ndiyo inayotenganisha njia hizo mbili. Katika bendi ya mita 2, ambayo kwetu Afrika, kama ilivyo Ulaya, ni megahezi 144 hadi 146, sauti huingia tuseme kwenye 145.000 na kutoka kwenye 145.600. Masafa hayo yameachana kilohezi 600 tu. Mtambo unarusha wati 50, na papo hapo kipokezi kinatakiwa kisikie ishara ya maikrovolti 0.2. Tofauti ya nguvu hapo ni desibeli 168. Ni sawa na kumwambia mtu apaze sauti kwa nguvu zake zote huku akisikiliza mnong'ono wa aliye chumba cha pili.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ripita hupoteza usikivu kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, wimbi kubwa la kurushia huingia kwenye kipokezi na kukielemea. Ya pili, kila mtambo wa kurushia, hata ulio mzuri, hutoa kelele hafifu kandokando ya masafa yake, na kelele hiyo hutua mpaka kwenye masafa ya kupokelea. Ikishafika kwenye kipokezi haichujiki tena, kwa sababu imekaa pale pale ilipo sauti mnayoitaka. Dawa yake ni kuizuia inakotoka. Ndiyo maana mitungi ya upande wa kurusha huwekwa izuie masafa ya kupokea, na mitungi ya upande wa kupokea izuie masafa ya kurusha.

Kwa hiyo msiipange dupleksa kwa kutazama mita ya wati peke yake. Mshale unapanda, watu wanafurahi, kumbe kizuizi kimehama na kelele inapita. Mtu aliye mbali, mwenye redio ya mkononi na betri inayokaribia kwisha, hasikiki tena na hajui kwa nini. Huyo ndiye ambaye ripita iliwekwa kwa ajili yake. Hiyo mitungi hula nguvu kidogo, hapana budi: desibeli 1.5 zikipotea, wati 50 hubaki kama 35. Msizililie.

Anzeni na mtungi mmoja mmoja, uliofunguliwa kutoka kwa wenzake. Mtungi wenye marekebisho mawili una fimbo kubwa ya kupitisha na skrubu ndogo ya kuzuia. Pangeni kupitisha kwanza, kisha kuzuia, kisha rudini tena kwenye fimbo, kwa kuwa ukigusa moja unaisogeza nyingine. NanoVNA, kile chombo kidogo cha kupimia vichujio na antena, inawatosha kwa hatua hii. Ila ikumbukeni mipaka yake: kwenye masafa haya huona kina cha desibeli 70 hivi, wakati upande mzima wa dupleksa nzuri huzuia 80 hadi 100. Mkiunganisha mitungi yote, chini ya shimo hamtapaona. Mtakuwa mnafuata kelele ya chombo chenyewe. Hapo tumieni jenereta ya ishara na kipokezi chenye usikivu mzuri. Mlango msioupima ufungeni kwa mzigo wa omu 50, la sivyo vipimo vitawadanganya. Na mtambo wa kurushia uwe umezimwa na kuchomolewa kabisa, maana wati zake zitaiunguza NanoVNA mara moja.

Kebo fupi za kati ya mitungi msizikate wala kuzibadilisha kiholela. Urefu wake ni sehemu ya upangaji. Ziwe na wavu wa shaba wa tabaka mbili; kebo ya wavu mmoja huvujisha, na kazi yote mliyofanya ndani ya mitungi itapitiwa kwa nje.

Kisha jaribuni. Wekeni mzigo bandia badala ya antena, ingizeni ishara dhaifu kiasi kwamba mnaisikia ikiwa na mchakacho, halafu washeni mtambo wa kurushia. Mchakacho ukizidi, shida iko ndani ya chumba: kwenye dupleksa, kebo au mtambo. Chukueni mtungi mmoja wa ziada. Ukisaidia upande wa kipokezi, mlikuwa mnaelemewa na wimbi; ukisaidia upande wa mtambo, adui ni kelele.

Lakini mchakacho usipobadilika kwenye mzigo bandia, ukazidi mara mnapofunga antena, achaneni na mitungi. Pandeni mnarani. Tazameni boliti zenye kutu, nyaya za stei zinazogusana, konekta iliyoingiwa na maji. Kwa sisi wa pwani, chumvi ya upepo hula viungo hivyo haraka, na chuma chenye kutu karibu na antena huchanganya mawimbi na kuzaa kelele upya. Nimeona watu wakipanga dupleksa nzima siku nyingi, na kosa likawa boliti moja ya kushikia bomba la antena.

Mkimaliza kupanga mitungi, kazeni nati zake za kufungia polepole huku mkiangalia kipimo, kwani kukaza nako husogeza. Acheni mitungi ilale usiku kucha, mpime tena asubuhi na mchana wa jua. Matokeo yaandikeni kwenye karatasi, tarehe na joto la chumba, mkaibandike ndani ya mlango wa kabati.