Anayemwagilia Maji, Je, Ana Kosa?

Jioni moja baada ya mafundisho, mama mmoja mjane alitungojea mlangoni pa kanisa. Wengine wote walipokwisha kwenda zao, alitufungulia shauri lake. Ndani ya lupango yake, nyuma ya jiko, kati ya lengalenga na sombe, mwanawe amepanda miche saba ya bangi. Kijana huyo huondoka alfajiri kwenda kubeba mizigo sokoni, naye amemwomba mama yake aimwagilie maji kila asubuhi. Ikikomaa, yeye mwenyewe huikata, huikausha na kuiuza. Na kwa fedha hiyo dada yake mdogo analipiwa masomo ya sekondari.

«Mwalimu,» mama akasema, «mimi sivuti, wala siuzi. Ninamwaga maji tu, kama ninavyomwagilia lengalenga. Je, niko na kosa?»

Hatukuweza kumjibu kwa neno moja. Tulimwomba atupe siku chache tufikiri. Na kwa kuwa tunajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hilo, tunaandika hapa yale tuliyoyafikiri.

Kwanza tuseme wazi: mmea wenyewe hauna dhambi. Mungu hakuumba mche mbaya. Jina hili «bangi» lilitoka Uhindi, likapita pwani hata likafika kwetu. Huko Kasai watu waliuita «diamba». Tangu zamani sana watu wa Asia na Ulaya walifuma kwa nyuzi zake kamba, nguo na matanga ya merikebu. Mbegu zake hutoa mafuta. Tena mwaka 2018 serikali ya Marekani ilikubali dawa iliyotengenezwa kwa mmea huo, ya kuwasaidia watoto wenye kifafa kikali. Basi anayesema kwamba jani lenyewe ni la shetani, huyo anamsingizia Muumba.

Wazee wa nchi yetu waliujua mmea huu, na habari yao inafaa kukumbukwa. Mwaka 1881 wasafiri wawili Wajerumani, Pogge na Wissmann, walifika Kasai kwa watu wa Lulua, kwa mtemi Kalamba Mukenge. Waliwakuta watu waliojiita Bena Diamba, maana yake watu wa bangi. Walivuta pamoja katika kibuyu kikubwa, kama alama ya urafiki na amani, na walisalimiana kwa neno «moyo», yaani uzima. Lakini wasafiri wale waliandika jambo jingine pia: mtu aliyekosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi nyingi, hata akazimia. Tafadhali, msomaji, fikiri juu ya jambo hilo. Watu wenyewe walioupenda mmea ule kuliko wengine wote, walijua kwamba wingi wake ni fimbo. Mmea ni mmoja. Kinachogeuka ni kipimo, nia, na mtu anayepewa.

Pili, tulitaka kujua kazi ya wakulima hawa wa nyumbani, kwa maana hakuna haki kuhukumu kazi usiyoijua. Ukulima wa bangi majumbani ulienea hasa Marekani na Uholanzi, tangu miaka ya 1970 na kuendelea. Wakulima wale, wakiogopa polisi, waliingiza mimea ndani ya vyumba, wakaweka taa badala ya jua, wakajifunza kuuhesabia mmea saa za mwanga na saa za giza, kwa sababu bangi huanza kutoa maua usiku unaporefuka. Nao wakajitungia lugha yao.

Wanaujua mmea wa kiume na mmea wa kike. Wa kiume huuondoa mapema, ili wa kike usipate mbegu na nguvu yake yote iingie katika ua. Ua la namna hiyo huliita kwa neno la Kispania, «sinsemilla», yaani bila mbegu. Mmea bora ambao hukatwa vijiti vya kupanda, wao huuita «mama». Nao kuinamisha matawi ili yapate mwanga, huita «kufundisha». Mavuno yakiisha kukauka, huyatunza polepole ndani ya chupa, na kazi hiyo wanaiita kwa neno ambalo kwa lugha yao ni pia neno la kuponya.

Ni ufundi kweli, hatuwezi kukana. Baba zetu nao hupanda muhogo kwa vijiti na mgomba kwa machipukizi, na mkulima wa kahawa hupogoa matawi yake. Hata habari ya kukosa mbegu si lawama, kwa maana ndizi tunazokula hazina mbegu, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sikilizeni maneno yale: mama, kufundisha, kuponya. Ni maneno ya nyumba, ya shule na ya hospitali. Hakuna hata moja linalomtaja mtu atakayevuta. Mkulima wa muhogo akisema «mavuno», macho yake yanaona sahani ya bugali na watoto walioketi. Mkulima huyu akisema «mavuno», anaona ua tu, na baada ya ua, fedha. Mlaji ametoka katika sentensi.

Basi swali si kama ufundi ule ni mzuri. Swali ni: ufundi ule unalenga nini? Unalenga nguvu ya kulevya. Kitu kinacholevya ndani ya bangi kinaitwa THC. Kilitengwa na kujulikana sawasawa mwaka 1964, na wataalamu wawili wa Israeli, Gaoni na Mechoulam. Huko Marekani walipima bangi iliyokamatwa na polisi: mwaka 1995 THC ilikuwa karibu 4 kwa mia, mwaka 2014 ilikuwa karibu 12 kwa mia. Kwa miaka 19 ufundi umezidisha nguvu mara tatu. Nao waganga wanatuambia kwamba ubongo wa kijana haujakomaa mpaka karibu miaka 25, na kwamba anayeanza mapema na kuvuta kila siku anaharibu kumbukumbu na bidii yake ya masomo, tena anajiweka katika hatari kubwa zaidi ya kuugua akili.

Sasa turudi kwa mama yetu na ndoo yake ya maji.

Walimu wa maadili, na hasa Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, aliyefariki mwaka 1787, walitufundisha kutofautisha namna mbili za kushiriki kosa la mwingine. Namna ya kwanza ni kushiriki kwa nia: ninataka jambo lile baya litendeke, nami ninasaidia. Namna ya pili ni kushiriki kwa tendo tu: mimi sitaki ubaya ule, lakini kazi ya mikono yangu inamfaa anayeutenda. Anayeshiriki kwa nia ana kosa sikuzote. Anayeshiriki kwa tendo tu, lazima tumpime. Kazi yake yenyewe ni mbaya au si mbaya? Yuko karibu na ubaya ule, au yuko mbali? Sababu yake ni nzito au nyepesi? Nani ataumia?

Mfua chuma anayeuza mapanga sokoni hana kosa kama mtu mmoja kati ya mia akimkata jirani yake. Lakini mtu akija mbio usiku, amejaa hasira, akisema «nipe panga, nikamwonyeshe yule», na mfua chuma akampa, hawezi kusema: «Mimi niliuza chuma tu.»

Tumpime mama hivyo. Kumwaga maji si kazi mbaya. Sababu yake ni nzito: binti wa kusomesha, na mwana ambaye anaogopa kumpoteza. Hatupaswi kumweka sawa na mwenye kuuza, na aliye tayari kumtupia jiwe ajiulize kwanza amemsaidia nini. Lakini yuko karibu, tena karibu sana. Bila maji yake miche ile haiendi mbali. Anajua majani yanakwenda wapi: kwa vijana wanaokaa kando ya uwanja wa mpira, na mmoja wao ni mtoto wa jirani, ambaye yeye mwenyewe alimpokea siku alipozaliwa, naye siku hizi haonekani tena darasani. Na ile «tu» aliyoitia katika sentensi yake, «ninamwaga maji tu», inafanya kazi ileile ya maneno ya wakulima wa taa: inamtoa mtoto yule katika sentensi.

Huenda mtu atatujibu: «Mbona nchi nyingine zinaruhusu?» Ni kweli. Uruguay, kwa sheria ya mwaka 2013, iliruhusu miche 6 kwa nyumba moja. Kanada, mwaka 2018, miche 4. Ujerumani, mwaka 2024, miche 3 kwa mtu mzima. Na mwaka 2018 korti kuu ya Katiba ya Afrika ya Kusini ilikubali mtu mzima apande kwa faragha kwa matumizi yake mwenyewe. Kwetu Kongo imekatazwa tangu zamani za Leopold II. Sheria zaweza kubadilika, na watu wenye hekima wanashindana juu yake. Papa Fransisko, mwezi wa Juni 2014, alisema wazi kwamba yeye hakubaliani na ruhusa za namna hiyo. Lakini tazameni: hata sheria zinazoruhusu zinasema ni kwa mtu mzima, na mtoto asipewe. Hata huko swali la mama linabaki palepale: nani atavuta?

Mwingine atasema: «Na lutuku je? Walevi wa lutuku si wengi kuliko wavutaji?» Huyo anasema kweli, na kweli hiyo inatuuma. Anayepika lutuku na kuwauzia watoto, na aje apimwe kwa mizani hiyohiyo. Lakini kosa la jirani halifuti langu. Linatufanya tuwe wawili.

Siku ya tano tulikwenda kwa mama. Tulimwambia: «Mama, wewe si mwenye kuuza, wala hatukuhesabu hivyo. Lakini usiseme tena ‹maji tu›. Useme sentensi nzima: ninamwaga maji, ili mche ukue, ili ua liwe na nguvu, ili mtoto wa jirani avute, ili binti yangu asome. Ukiweza kuisema yote mbele ya mama wa mtoto yule, basi endelea. Usipoweza, umekwisha kujijibu.»

Alinyamaza sana. Kisha akasema: «Siwezi.» Jioni ile alimwambia mwanawe kwamba tangu kesho atamwagilia lengalenga tu. Kijana alikasirika, siku tatu hakula nyumbani. Sasa anaimwagilia mwenyewe usiku, na miche miwili imekauka. Hatuwezi kuandika kwamba amegeuka, kwa maana hajageuka.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile, mama alituuliza neno moja nasi, bila ukali: «Mwalimu, mwisho wa mwezi nitaleta nini shuleni?»

Hapo tulikumbuka kwamba Jumapili nyingi mama huyu alitia franka zake katika kikapu cha sadaka, nasi tukazipokea na kuzihesabu, wala hatukumwuliza mjane asiye na shamba anazipata wapi. Je, sisi tulikuwa mbali kiasi gani na mche ule? Tulijitia katika mizani ileile, tukaona kwamba nasi tulikuwa na «tu» yetu: tulipokea tu.

Ndiyo maana kamati ya parokia imeanza kuchanga kwa ajili ya masomo ya binti yule, na ya wengine wawili. Fedha iliyopatikana bado haitoshi muhula mmoja. Asomaye haya, akiona mama yule ana kosa, tunamwomba alete hukumu yake pamoja na mchango wake.