Je, Yafaa Kutafuta Mng'ao Usio na Doa?

Mzee mmoja wa usharika alitujia akiwa na huzuni. Alikuwa amenunua motokaa nyeusi iliyokwisha kutumiwa na wengine, akaipeleka kwa fundi, akamwagiza aisugue hata usionekane mkwaruzo hata mmoja, kwa kuwa arusi ya binti yake ilikuwa karibu. Fundi, naye ni kijana, akamwambia, "Mzee, hii midogo itatoka. Ule mrefu wa mlangoni hautoki ila kwa kupaka rangi upya." Mzee hakukubali. "Wewe sugua tu." Kijana akaogopa kupoteza kazi, akasugua. Mkwaruzo ukapungua, lakini pale ulipopita juu ya ukingo wa mlango rangi ikaisha, ikatokea praima ya kijivu. Alama iliyokuwa nyembamba kama uzi ikawa baka pana kama kiganja. Mzee akatuuliza, "Mchungaji, mwenye kosa ni nani?"

Kabla ya kujibu, yatupasa kuijua kazi yenyewe. Motokaa za zamani zilipakwa rangi ya namna moja juu ya praima, na aliyezisugua aliiona rangi ikishika kitambaa chake. Tangu miaka ya 1980 zimeenea zile zenye rangi chini na utando mwangavu juu yake, ambao mafundi huuita klia. Klia hiyo mara nyingi unene wake ni mikroni 40 au 50 tu, na mikroni moja ni sehemu moja katika 1,000 ya milimita. Unywele wa kichwa kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo. Tena penye kingo na kona huwa nyembamba zaidi. Nayo ndiyo iikingayo rangi na ukali wa jua. Ikipunguzwa mno, huchakaa mapema na kubambuka.

Basi watu wengi hudhani ya kuwa kusugua ni kuuziba mkwaruzo. La hasha. Mkwaruzo ni kama mfereji. Fundi haujazi, bali hushusha uwanda wote ulio kando yake mpaka ulingane na chini ya mfereji. Kila mng'ao una gharama yake, na gharama hiyo hutolewa katika klia isiyorudi tena. Mikwaruzo midogo ya mviringo, mfano wa utando wa buibui, ionekanayo jua likipiga, ni ya juujuu. Hutoka kwa hasara ndogo. Lakini ukucha ukipitishwa juu ya mkwaruzo nao ukakwama, yamkini kina chake kimepita kiasi. Fundi mwenye akili huupunguza ukali wake, kisha huuacha.

Sasa twajibu. Mzee alikosa, kwa maana alikidai kitu kitoe kisichokuwa nacho. Kijana naye alikosa, maana aliijua kweli, akaisema mara moja, kisha akainyamazia kwa hofu. Tena liko kosa la tatu, ambalo wao hawakulitenda, lakini wengine hulitenda: kuijaza mikwaruzo kwa nta nzito ili mnunuzi asiione. Baada ya kuoshwa mara chache nta huondoka, na alama zote hurudi. Kupaka nta ili kuilinda rangi ni utunzaji mwema. Kuipaka ili kumficha jirani ubovu wa kitu anachokinunua ni wizi wenye kung'aa.

Lakini neno hili halikomi kwenye motokaa. Nasi tulio wachungaji, wainjilisti na wazee tumekabidhiwa watu wenye alama. Yupo aliyeanguka, akatubu, akarudishwa mezani pa Bwana. Hata hivyo kila mara twalitaja kosa lake, twampima tena, twamsugua mahali palepale, tukitaka isibaki hata dalili. Twadhani twamtakasa, kumbe twaipunguza ile haya na ile imani iliyomkinga. Siku moja haonekani tena ibadani, nasi twasema, "Hakuwa na moyo wa kweli." Je, hatukumtoboa sisi?

Huenda mtu akasema, "Basi, kwa kuwa ukamilifu haupatikani hapa duniani, tuuache uchafu ukae." Huyo naye hakuelewa. Ile mikwaruzo ya buibui hutoka wapi? Mara nyingi hutokana na kupangusa vumbi kavu na kuosha kwa kitambaa chenye mchanga. Aoshaye kwa maji mengi na kitambaa safi, tena mara kwa mara, hana haja kubwa ya kusugua. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, inapoeleza maana ya ubatizo, yatufundisha kwamba toba ni kazi ya kila siku. Nayo ni kuoshwa, wala si kukwanguliwa. Atubuye kila siku hubaki na kovu zake, lakini uchafu haupati nafasi ya kugandamana.

Kwa hiyo twamshauri kila mwenye motokaa: kabla ya kazi mwulize fundi ni alama zipi zitatoka na zipi zitabaki, na akikuambia kweli, mshukuru. Nawe fundi, liseme neno hilo hata mara ya pili, ijapokuwa kazi itakwenda kwa mwingine.

Mzee yule aliiendesha motokaa yake mpaka arusini pamoja na baka lake. Baadaye alimwendea kijana, wakapatana: fundi atoe kazi yake, mzee atoe bei ya rangi, mlango ukapakwa upya. Twaona ya kuwa siku hiyo kilitengenezwa kitu kilicho bora kuliko mlango.