Anayeshika Mkia

Tabia ya kupanga watu na vitu kwa daraja ni ya zamani kama binadamu mwenyewe. Tunawapanga watoto darasani, tunaipanga miji kwa ukubwa wake na matajiri kwa mali zao, na hata penye karamu tunajua nani atakaa mbele na nani atakaa karibu na mlango. Aghalabu hatujiulizi kupanga huko kuna faida gani, wala kunamfanya nini yule ambaye jina lake husomwa mwisho. Hilo ni swali la maadili, nami nataka kulitazama kwa kupitia mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuucheza, lakini ambao una mafunzo makubwa juu ya jambo hili. Mchezo huo ni futiboli ya Kimarekani.

Huu si mpira wa miguu tuujuao. Mpira wake umechongoka ncha mbili, hushikwa mikononi zaidi kuliko kupigwa teke, na wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, kwa sababu hugongana kama mafahali. Ligi yake kubwa, NFL, ilianzishwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, na tangu mwaka 2002 ina timu 32. Kila wiki ya msimu waandishi na mashabiki huzipanga timu hizo kuanzia ya 1 hadi ya 32. Wakichoka na timu za leo huzifufua za kale. Hubishana, kwa mfano, kama Miami Dolphins wa msimu wa 1972, walioshinda mechi zote 17, wangewaweza New England Patriots wa msimu wa 2007, walioshinda mechi 18 mfululizo kisha wakafungwa na New York Giants katika fainali. Mechi hiyo haiwezi kuchezwa kamwe, lakini watu wazima huibishania mpaka chai ikapoa.

Ubishi wa namna hiyo ni burudani, na sioni ubaya wake. Lakini ligi yenyewe nayo huzipanga timu zake kila mwaka, na mpango wa ligi una matokeo. Hapo ndipo mazungumzo yanapoacha kuwa ya michezo tu.

Katika ligi za kandanda tulizozizoea, anayeshika mkia hushuka daraja. Akishuka, mapato yake hupungua, wachezaji wake wazuri humkimbia, na mwaka unaofuata huwa dhaifu zaidi ya alivyokuwa. Mwenye nacho huongezewa na asiye nacho hunyang'anywa. Huko Marekani mambo ni kinyume. Hakuna timu inayoshuka, hata ikifungwa mechi zote. Tena, msimu ukiisha, zinapokutana ili kuchagua wachezaji vijana wanaotoka vyuo vikuu, timu iliyokuwa ya mwisho hupewa zamu ya kwanza ya kuchagua, na bingwa husubiri hadi mwisho wa mstari.

Utaratibu huo ulipendekezwa mwaka 1935 na Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, na ulianza kutumika Februari 1936. Wakati ule timu chache, zikiwamo Chicago Bears na New York Giants, zilikuwa na fedha za kuwanunua vijana bora, na nyingine ziliambulia makombo. Kweli, Bell hakuwa malaika. Mwaka huo wa 1935 timu yake ilishinda mechi 2 na kupoteza 9, kwa hiyo yeye ndiye aliyechagua wa kwanza. Kinachonishangaza mimi ni wale wakubwa. George Halas wa Bears na Tim Mara wa Giants walikuwa na kila sababu ya kukataa, lakini walikubali. Waliona kwamba mtu hawezi kucheza peke yake, na kwamba jirani akifa njaa, hata wewe uliyeshiba hutakuwa na wa kushindana naye.

Mwaka 1961 walikwenda mbele zaidi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoziruhusu timu kuuza kwa pamoja haki za kuonyeshwa katika televisheni, na ligi, ikiongozwa na Pete Rozelle, ikakubaliana kugawana fedha hizo sawa kwa sawa. Giants, walio katika mji wenye mamilioni ya watu, wakapata kiasi kile kile walichopata Green Bay Packers, ambao mji wao hata leo una watu kama laki moja tu. Mwaka 1994 ukaongezwa ukomo wa fedha ambazo timu inaweza kutumia kwa mishahara. Basi katika nchi inayojivunia ushindani kuliko nchi nyingi, mchezo upendwao kuliko yote unaendeshwa kwa kanuni ambazo mwanasiasa wa huko akizipendekeza kwa viwanda au hospitali angeitwa mkomunisti.

Wako wanaosema kwamba kumsaidia wa mwisho ni kulea uvivu. Ikiwa kushindwa kuna zawadi, kwa nini mtu ajitahidi? Hoja hii si ya kudharau. Mwaka 2022 kocha mmoja aliyekuwa amefukuzwa kazi alidai katika mashtaka yake kwamba mwenye timu alimwahidi dola 100,000 kwa kila mechi watakayopoteza, ili wapate zamu nzuri ya kuchagua. Mwenye timu alikana, na uchunguzi wa ligi haukuona kwamba timu ilishindwa kwa makusudi. Lakini kwamba jambo kama hilo liliweza hata kuzungumzwa kunaonyesha kuwa kila msaada una mlango wa nyuma ambao mjanja anaweza kuupitia.

Hata hivyo, tukiitazama historia yenyewe tunaona kwamba msaada haumbebi mtu mgongoni. Mwaka 2008 Detroit Lions walipoteza mechi zao zote 16. Walipewa zamu ya kwanza, wakamchukua Matthew Stafford, mrushaji hodari. Alikaa nao miaka 12 bila ya timu kushinda hata mechi moja ya mtoano. Alipohamia Los Angeles Rams alitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Na Januari 2024, Detroit waliposhinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu Januari 1992, waliofungwa walikuwa Rams, wakiongozwa na Stafford huyo huyo. Kwa hiyo zamu ya kwanza ni nafasi tu, na haimhakikishii mtu kuvuna. Anayeogopa kwamba wa mwisho akisaidiwa atamkanyaga aliye mbele, na ajue kuwa safari bado ni ndefu.

Basi mpaka hapa ningeweza kuisifu ligi hii na kuweka kalamu chini. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na katika habari hii wapo wanyonge ambao hatujawataja.

Wakati wale wazee walipokaa mwaka 1935 wakatunga kanuni ya kumhurumia aliye dhaifu, hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika ligi yao. Weusi walikuwamo miaka ya 1920, lakini kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 mlango ulifungwa bila ya sheria yoyote kuandikwa. Desemba 1939 timu zilikutana kuchagua vijana. Kenny Washington, mchezaji mweusi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo nchini mwake. Timu ya mwisho haikumchagua, bingwa hakumchagua, na waliokuwa katikati hawakumchagua. Aliingia ligi mwaka 1946 tu, wakati Rams walipohamia Los Angeles na kuomba kutumia uwanja uliojengwa kwa fedha za umma, na waandishi weusi wa mji huo wakauliza itakuwaje uwanja wa wote utumiwe na timu inayowakataa baadhi ya wenye uwanja. Kenny alikuwa na miaka 27 na magoti yake yalikwisha kuumia. Alicheza misimu mitatu.

Tunapoupitia mpangilio wowote, macho yetu hukimbilia kwa wa kwanza, na tukiwa na huruma kidogo hutazama pia wa mwisho. Ni mara chache tunamkumbuka yule ambaye hakuandikwa kabisa. Wa mwisho, kwa udhaifu wake wote, yumo ndani, jina lake linasomwa. Kenny Washington hakuwa wa mwisho. Hakuwamo. Haki iliyogawanywa kwa uangalifu mkubwa kati ya waliokaa mezani ilimwacha nje, na bila shaka waliokuwa mezani walijiona watu wema.

Wengine ambao ligi haiwahesabu ni wale wanaoipenda. Mwezi Novemba 1995 mwenye timu ya Cleveland Browns, Art Modell, alitangaza kwamba anaihamishia Baltimore. Watu wa Cleveland walikuwa wameipenda timu hiyo tangu mwaka 1946, baba kwa mwana, lakini kwa mujibu wa karatasi haikuwa yao. Mji ulikwenda mahakamani, na mwaka 1996 wakapatana kwa namna ya ajabu. Wachezaji na makocha wangekwenda Baltimore, ila jina, rangi na historia vingebaki Cleveland kusubiri timu mpya, ambayo ilianza mwaka 1999. Kwa hiyo leo mtu akizipanga timu kwa ubingwa, ule waliotwaa Cleveland mwaka 1964 huhesabiwa kwa timu iliyozaliwa miaka 35 baadaye. Tena Baltimore wenyewe walikuwa wameonja uchungu huo. Usiku mmoja wa Machi 1984 malori yalikuja kuichukua timu yao, Colts, na kuipeleka Indianapolis, na historia yake yote ikaenda nayo. Aliyeibiwa alipopata nafasi alichukua cha mwenziwe.

Timu ni nini, basi? Je, ni wachezaji ambao baada ya miaka kumi karibu wote watakuwa wameondoka? Ni mwenye hati? Ni jina na rangi? Nadhani watu wa Cleveland walitoa jibu lao Januari 2018. Msimu uliokuwa umekwisha timu yao ilipoteza mechi zote 16. Maelfu ya watu walitoka katika baridi kali wakafanya maandamano ya kejeli kuuzunguka uwanja, wakichora sifuri kwa miguu yao. Walikuwa wanaicheka timu na wanajicheka wenyewe, maana mtu hawezi kuifanyia kejeli ya namna ile timu isiyo yake.

Uko mji mmoja tu katika ligi ile ambao karatasi na moyo vinasema neno moja. Packers wa Green Bay ni mali ya wananchi tangu mwaka 1923. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Hisa hizo hazina gawio na haziuzwi kwa faida. Anayenunua hapati kitu isipokuwa kuweza kusema kwamba timu ni yake. Na timu hiyo ya mji mdogo imetwaa ubingwa mara 13, kuliko nyingine yoyote. Ungedhani wengine wangeiga. La, kanuni za ligi haziruhusu timu nyingine imilikiwe hivyo. Wenye timu walikubali kugawana fedha wao kwa wao, lakini kugawana na watu wanaojaza viwanja vyao ni jambo jingine.

Kama ningepewa mimi kuzipanga upya timu zile 32, nisingeanza na mechi walizoshinda, kwa kuwa hizo zimekwisha kuhesabiwa. Ningeuliza maswali matatu. Kwanza, timu hii ilimfungulia nani mlango wakati wengine wameufunga? Pili, ikishindwa, watu wake wana haki gani juu yake? Tatu, ikishinda, inakubali kumwachia nini aliyeshindwa? Orodha yangu isingefanana na ile ya magazetini, na Green Bay wangekuwa juu sana hata katika mwaka mbaya.

Sisemi tuache kupanga. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mchezo usio na wa kwanza wala wa mwisho ni mazoezi tu. Tena vipimo vyetu ni vibovu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2022 mchezaji wa 262, yaani wa mwisho kabisa kuchaguliwa, alikuwa Brock Purdy, na Februari 2024 aliiongoza San Francisco 49ers katika fainali ya ubingwa. Aliyempanga mwisho alikosea, lakini angalau alikuwa amempanga.

Ndiyo maana naona kwamba wema au ubaya wa kupanga hauko katika namba zenyewe. Uko katika yale tunayoyafanya baada ya kuzisoma. Mwalimu anayetaja majina ya darasa lake kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho anaweza kuwa anawajenga au anawabomoa, kutegemea kesho yake asubuhi ataanza kumsomesha nani. Na kabla ya hapo inampasa atazame nje ya dirisha, aone kama hakuna mtoto aliyesimama uani ambaye jina lake halimo katika daftari.