Nzuri, Ila…

Mgonjwa akiulizwa hali kwa Kiswahili hujibu kwanza kwamba hajambo. "Habari za hapa?" "Nzuri tu." Kimya kidogo. "Ila huu mguu, mwanangu." Wanaojifunza lugha yetu ukubwani hushangaa: nzuri gani hiyo yenye mguu uliovimba? Sisi tunajua kwamba ile nzuri ni adabu tu, habari yenyewe imo ndani ya ila. Na ila haiji kwa mtu mwenye haraka.

Huwa nalikumbuka hilo kila ninaposikia makazi ya wazee yamekaguliwa. Serikali inayo makazi ya namna hiyo sehemu mbalimbali nchini: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Misungwi, na huku kusini Mkaseka, Masasi. Waandishi tunajua ziara zake zinavyokwenda, hasa ikikaribia Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani. Magari yanaingia. Unashushwa mchele, sukari, mafuta, sabuni. Wazee wamepangwa kwenye viti, wanaamkiwa shikamoo kwa pamoja, wanaitikia marahaba kwa pamoja. Mgeni anauliza, msimamizi akiwa amesimama palepale pembeni: "Mna tatizo lolote wazee wetu?" Wanajibu, "Tunashukuru." Makofi. Picha.

Msimamizi huyo si lazima awe mtu mbaya. Huenda ndiye anayetoa hela yake mfukoni dawa zikiisha. Tatizo ni kwamba swali limeulizwa kwa mtu aliyekalia kiti cha kupokea. Sadaka haina risiti. Ukipewa mchele wa sadaka wenye mawe, unachambua mawe na unashukuru. Ukiununua dukani, unaurudisha. Sasa mzee wa makazi ni yupi kati ya hao wawili? Mpaka tulijibu hilo, fomu ya ukaguzi inaweza kuhesabu vitanda, vyandarua na matundu ya choo, ikajaa vizuri kabisa, na bado isituambie kama kuna mtu humo anaogopa kusema uji umeungua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, inaiweka familia mbele katika matunzo, na makazi inayaacha yawe kimbilio la mwisho. Kama mpango, naikubali. Kama kauli inayomfikia mzee ambaye tayari yumo humo, inauma: ina maana yeye ndiye aliyebaki baada ya kila mlango kufungwa. Mtu wa hivyo atadai nini?

Halafu kuna wale wanaosema makazi ya wazee ni uzungu, mila zetu hazijui mambo hayo. Waambieni wasome historia ya Masasi. Misheni ya pale ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere (ndiyo, yuleyule wa sarufi na hekaya za Kiswahili za Unguja) alipofika na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Watu wale walikuwa wameng'olewa kwa ndugu zao. Waliozeeka pale walizeeka mikononi mwa watu waliokuwa wageni kwao kabla ya safari ile. Kutunzwa na asiye ndugu si jambo geni katika nchi hii.

Na kutunzwa na ndugu, je, nani anakukagua? Panda juu Newala. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu enzi na enzi. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, tayari aliiandika. Kwa vizazi vingi maji yalifuatwa bondeni, chini ya mteremko mkali. Mahali kama hapo ukimuuliza bibi, "Unatunzwa?", atakujibu ndiyo, kwa sababu hataki kuwaaibisha wajukuu. Muulize nani alimletea maji jana. Muulize juzi aliogea ndoo nzima au nusu. Hapo utapata jibu, iwe kwa mwanawe au kwenye makazi.

Ningekuwa mimi ndiye mkaguzi, ningekwenda bila taarifa, bila kamera, na mtu anayejua Kimakonde, Kimakua na Kiyao, maana ila nyingi hazisemwi kwa Kiswahili cha ofisini. Ningekaa. Najua afisa ustawi wa jamii mwenye kata kadhaa na usafiri wa kuazima hana siku nzima ya kukaa na mzee mmoja. Basi hilo nalo liandikwe kwenye ripoti, badala ya "hali ni ya kuridhisha".

Katika mojawapo ya ziara hizo, magari yalipoondoka nilibaki nyuma nikisubiri bodaboda. Mzee mmoja, aliyekuwa amepiga makofi kama wenzake, alinisogezea kigoda. Nikamuuliza habari za hapa. Nzuri, chakula kipo, sabuni leo zimeletwa. Tukanyamaza. "Ila mikorosho yangu," akasema. Ilikuwa miti 40. Alitaka kujua kama mwaka ule kuna aliyeipulizia salfa, na korosho zikiuzwa, hela zinaandikwa kwa jina la nani.