Bei ya Picha na Thamani ya Mtu

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wengi wetu hulichukua neno hilo kuwa ushahidi kwamba kitu cha bei kubwa ni chema, na mtu atafutwaye na wengi ni bora. Twataka kulipima wazo hilo kwa mfano wa mbali, yaani kadi za wachezaji wa besiboli wa Marekani.

Besiboli ni mchezo wa kuupiga mpira kwa gongo. Zamani kampuni za Marekani zilitia kadi zenye picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara, na baadaye za chingamu, ili kuwavuta wanunuzi. Watoto walizichezea hata zikachakaa. Leo baadhi yake huuzwa mnadani kwa mali nyingi.

Iliyo mashuhuri ni kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, ya toleo la sigara la 1909 hadi 1911. Nakala moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola 7,250,000. Wagner alikuwa hodari kweli: mara 8 aliwashinda wapigaji wote wa ligi yake. Walakini Ty Cobb na Walter Johnson, mahodari kama yeye, wamo katika toleo lile lile, na kadi zao hazifikii bei hiyo. Sababu ni kwamba kadi ya Wagner iliacha kuchapwa mapema, zikabaki chache. Wengine husema hakupenda watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake. Wengine husema alitaka alipwe. Tazameni basi: sababu moja ni ya heshima, ya pili ni ya fedha, na bei haijali ni ipi iliyo kweli.

Katika toleo hilo yumo pia Joe Doyle, mrushaji asiyekuwa na sifa kubwa. Mchapaji alikosea, akaandika katika kadi zake chache kwamba ni wa ligi nyingine. Kadi hizo za kosa huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Hapo anunuliwaye si Doyle, bali ni kosa la mchapaji.

Naye Mickey Mantle wa New York? Kadi yake ya 1952 iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6, kwa kuwa nakala ile ilikuwa safi mno. Nyingine za namna ile ile, zilizokunjika pembe, hupata sehemu ndogo tu ya bei hiyo, ingawa sura ni moja na mtu ni mmoja. Mantle mwenyewe, mwaka 1995, akiwa ameharibiwa ini na ulevi, aliwaambia watu hadharani wasimfuate yeye. Mwezi mmoja hivi baadaye alifariki. Nadhari yetu ni kwamba neno lile lilikuwa na faida kuliko kadi yake, nalo halikuuzwa kwa senti moja.

Tena yuko mtu ambaye kampuni kubwa za kadi hazikumchapa kabisa alipokuwa akicheza. Huyo ni Josh Gibson, aliyecheza Pittsburgh, mji ule ule wa Wagner. Kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, alifungiwa nje ya ligi kubwa. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajafunguliwa mlango. Mwaka 2024 hesabu za ligi za watu weusi zilitiwa katika kitabu kikuu, ikaonekana kwamba Gibson alifaulu mara 372 katika kila mapigo 1,000, akampita Cobb mwenye 367. Uhodari huo haukuzaliwa mwaka 2024. Ulikuwako siku zote, ila hapakuwa na karatasi ya kuushuhudia.

Hatusemi kwamba kadi ni takataka. Ni ukumbusho mzuri, na anayezitunza hatendi ubaya. Kosa huanza tunapoiuliza kadi swali lisiloliweza. Ukiiuliza, "Je, ziko ngapi? Je, ni safi?" itakujibu kweli. Ukiiuliza, "Huyu alikuwa mtu gani?" itanyamaza, na bei itajibu mahali pake, nayo haijui.

Basi, wasomaji, tunapokaa kumpima mwenzetu, tusianze na kuuliza ni wangapi wanaomtaka, wala jina lake limeandikwa wapi. Tuulize kwanza ametenda nini. Na kama hakuandikwa, tuulize ni nani aliyeishika kalamu.