Bei ya Kile Ukipendacho

Wahenga walituachia kauli ambayo wafanyabiashara huipenda sana: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kauli tamu, lakini inamfuta muuzaji. Ukiishika kama ilivyo, utadhani chungu kizuri huinuka chenyewe shamba, kikafuata njia hadi mjini na kupiga hodi kwa mnunuzi. Vyungu havina miguu. Vilivyofika mjini vilibebwa vichwani, na mara nyingi vichwa hivyo vilikuwa vya wanawake.

Mmoja wa wabebaji hao alikuwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti alilipata baadaye, sauti yake ilipokwisha kumpatia heshima. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye akawa anavitembeza vyungu hadi mjini, akivinadi kwa sauti njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki, na miaka 17 baadaye akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya wakubwa ilikuwa bado ikiimbwa Kiarabu. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake.

Siti hakuacha biashara akaingia sanaa. Koo lililozoea kunadi barabarani ndilo hilo hilo lililojaza kumbi. Hata hivyo wasiompenda walipotaka kumwumiza, hawakusema kwamba haimbi vizuri. Walimtungia mafumbo ya kumkumbusha alikotoka, na alikotoka ni kwenye vyungu. Hapo ndipo pa kusimama na kujiuliza: kwa nini kuuza kitu kwa mkono wako kiwe tusi kwa msanii? Na kwa nini mpaka leo binti anayesuka, anayepika keki, anayechora au anayeimba huambiwa, pindi anapotaja bei, kwamba kumbe hakuwa na mapenzi ya kweli na kazi yake?

Nyuma ya lawama hiyo limejificha wazo kubwa: kwamba mapenzi na malipo ni maadui, na kimoja kikiingia mlangoni kingine hutokea dirishani. Wazo hili lina ukoo wa heshima. Mwaka 1790 mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu uamuzi wa uzuri, aliitenga sanaa iliyo huru, ambayo mtu huifanya kama mchezo unaompendeza wenyewe, na ufundi wa ujira, ambao mtu huufanya kwa sababu ya malipo ingawa kazi yenyewe inamchosha. Ya kwanza aliipandisha, ya pili akaishusha.

Lakini mtazame Kant mwenyewe. Kabla ya kupewa kiti cha uprofesa mwaka 1770, alifundisha miaka 15 akitegemea kwa sehemu kubwa ada za wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Akili yake aliikodisha kwa kichwa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ada hizo zilimwondolea mapenzi ya hekima, wala kwamba alipaswa kufundisha bure ili tuamini anaipenda falsafa. Mwanamume msomi anapolipwa kwa anachokipenda, tunasema amebahatika. Mwanamke fundi anapolipwa kwa anachokipenda, tunamwuliza kama bado anakipenda.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Nadhani inatokana na mahali ambapo ujuzi wenyewe umepatikana. Seremala alikwenda kwa fundi, akakaa miaka, akarudi na randa yake. Watu wote waliona kwamba amejifunza. Binti alijifunza kusuka ukili barazani kwa bibi yake, kuchora hina kwenye mapaja ya dada zake, kupika biriani jikoni kwa mama. Hakuna aliyemwona akijifunza kwa sababu kujifunza kwake kulichanganyika na kulelewa. Ndiyo maana ujuzi wake unahesabiwa kuwa maumbile, na hakuna mtu anayelipia maumbile. Tukimwambia ana kipaji, tunamsifu na papo hapo tunamfutia miaka yote ya mazoezi. Ikiwa umepewa na Mungu bure, kwa nini sisi utuuzie?

Mtazame mchora hina anapoitwa kwa bibi harusi. Amefika na hina aliyoichekecha mwenyewe mara mbili, kwa sababu chenga moja tu ikibaki huziba ncha ya koni, na mstari unaokatika katikati ya ua hauungiki tena. Ameichanganya na ndimu tangu jana ili rangi ishike. Anaanzia kwenye vidole, anapanda kiganja, anavuka kifundo cha mkono, na muda wote huo mkono wake hauegemei popote, maana ukigusa pale palipochorwa dakika tano zilizopita, maua yote yanakuwa matope. Mgongo umepinda. Saa zinakwenda. Miguu ya bibi harusi bado. Ndipo shangazi mmoja ananyosha kiganja chake na kusema, "Mwanangu, hebu na mimi nitilie kijiua kidogo tu, wewe si unapenda." Baada yake huja mashangazi wengine wanne.

Shangazi hana nia mbaya, lakini sentensi yake ina hoja ndani yake, nayo ni hoja mbovu: kwa kuwa kazi inakufurahisha, furaha ndiyo ujira wako, na sasa hatudaiani. Tukiikubali hoja hiyo, kazi itakayostahili malipo makubwa kuliko zote ni ile inayofanywa kwa chuki. Kumbe mgongo huumia sawasawa, uwe unapenda au hupendi. Muda unaopita ukichora kiganja cha tano haurudi eti kwa sababu ulikuwa ukitabasamu. Mapenzi ya fundi ni sababu ya kazi kuwa nzuri. Hayajawahi kuwa malipo ya kazi hiyo.

Upande wa umiliki nao una mambo yake. Chukua kanga. Inasimuliwa kwamba vazi hili lilianza karne ya 19, pale wanawake wa pwani walipokuwa wakinunua leso za kitambaa kwa urefu, wakazikata na kuzishona tatu juu, tatu chini, zikawa nguo moja yenye mpangilio wake. Wenye maduka walipoona mtindo umeshika, wakaagiza vitambaa vilivyochapwa hivyo hivyo tangu kiwandani. Leo ukiifungua kanga ya duka mashuhuri la Mombasa lililoanzishwa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak, utaona pindo, utaona mji, utaona jina la kanga, na pembeni utasoma maneno madogo: Mali ya Abdulla. Mwenye duka alikuwa na haki ya kutia alama bidhaa yake, na duka lake limeitunza kanga kwa vizazi. Ila wale walioshika sindano kwanza hawakuacha jina hata moja. Walikuwa na ubunifu na mapenzi. Kilichokosekana ni mahali pa kuandika mali ya nani.

Kwa hiyo bei si kiasi cha fedha tu. Ni tamko. Anayetaja bei anasema: kitu hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, muda huu ni wangu, na ukiutaka tuzungumze. Ndiyo sababu inaudhi. Mteja anayelalamika kwamba msusi amekuwa na tamaa, mara nyingi hajakasirishwa na shilingi alizozidishiwa. Amekasirika kwa sababu ametambulishwa kwamba vidole vile vina mmiliki.

Mpaka hapa ningekuwa nimemaliza, kama si ukweli mmoja ambao watetezi wa biashara huuruka. Kuuza hubadilisha kinachouzwa. Msusi wa mikeka akigundua kwamba watalii wanapenda rangi fulani, ataisuka rangi hiyo mpaka aote nayo usiku. Mpishi wa keki aliyeanza kwa kubuni ataombwa keki ile ile ya picha ile ile aliyoiweka mtandaoni mwaka juzi, na wiki itapita asibuni kitu. Kant hakuwa mjinga: alihisi kwamba mteja anaweza kuingia hadi ndani ya mkono wa fundi na kuanza kuuongoza.

Tena vipo vitu ambavyo vilikatazwa sokoni kwa makusudi. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alikuwa mwimbaji wa taarabu, mchora hina na mpiga ngoma, lakini alikuwa pia somo wa unyago, anayewafunda wari faraghani, wanawake kwa wanawake. Nyimbo za unyago zina mahali pake na wasikilizaji wake. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na dunia ikaisikia ngoma ya msondo jukwaani. Nani alikuwa na haki ya kuamua ngoma ile itoke kiasi gani, na kipi kibaki chumbani? Dunia ya muziki isingeweza kujibu, wala mapromota. Aliyeweza kujibu ni yeye na wanawake wenzake walioyabeba mafundisho yale. Alipofariki mwaka 2013, kipimo hicho kilibaki mikononi mwa waliofundwa.

Mfano huu unaliweka swali mahali pake. Tumezoea kuuliza kama mapenzi yanaweza kukaa na pesa. Yanaweza, na yamekaa tangu zamani. La kuuliza ni nani anaamua: kipi kiuzwe, kwa nani, kwa masharti gani, na kipi kisiuzwe kabisa. Malipo yanayonunua kazi ni jambo moja. Malipo yanayonunua uamuzi ni jambo jingine. Ukumbi wa taarabu umeijua tofauti hiyo siku nyingi. Mwanamke anainuka kitini, noti juu, anacheza taratibu kuelekea jukwaani kwa sababu ubeti umemgusa au umemgusa jirani yake, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Pesa imetoka, mtu amelipwa, lakini hakuna aliyeamrishwa. Wimbo haukubadilika hata neno moja. Mwenye noti amesema lake ndani ya wimbo wa mwenzake, na wimbo umebaki wa mwenyewe.

Haitoshi, bila shaka. Mtunzo hauwezi kulipa kodi ya chumba kila mwezi, na uhuru wa kusema hapana unataka tumbo lisilo na njaa. Mwandishi Virginia Woolf alilisema hili bila haya mwaka 1929, alipodai kwamba mwanamke atakaye kuandika anahitaji chumba chake na pauni 500 kwa mwaka. Wengine wangeweza kumwona anaitia fasihi mambo ya duka. Lakini wanawake wa huku walishalijua bila kitabu. Mchezo wa akina mama, upatu, vikoba, chama: haya yote ni njia za kutengeneza pauni 500 pale ambapo hakuna shangazi tajiri wa kukurithisha. Mshonaji aliyepokea zamu yake ya mchezo wiki hii anaweza kumrudishia kitambaa mteja anayemtukana. Asiye na kitu atameza. Ujasiri wa kukataa mara nyingi ni akiba iliyowekwa kimya kimya.

Katika miaka hii limezuka kosa jipya, la upande wa pili. Vijana wa kike wanahubiriwa asubuhi na jioni: geuza unachokipenda kiwe pesa. Akisuka vizuri, afungue saluni. Akiandika mashairi, atafute wafuasi. Akiimba jikoni, kwa nini asirekodi? Wasemaji wanadhani wanamkomboa kutoka kwa shangazi wa hina. Lakini tazama vizuri: shangazi alisema kwa kuwa unapenda, nipe bure, msemaji huyu anasema kwa kuwa unapenda, lazima uuze. Wote wawili wamemaliza kuamua kabla mwenye mkono hajafungua mdomo. Mwanamke anayemwimbia mwanawe na hataki kurekodiwa hajapoteza fursa. Ametumia mali yake anavyotaka, na hiyo ni haki ya kila mwenye mali.

Basi tukiwafundisha mabinti kutengeneza, tuwafundishe pia kuhesabu: vifaa, nauli, saa, na miaka ya kujifunza ambayo haionekani kwenye risiti. Tuwafundishe kutaja jumla yake wakimtazama mteja usoni, bila kucheka kwa aibu wala kuongeza "lakini tutaelewana." Kisha tuwafundishe jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu halina faida ya papo hapo: kuchagua kitu kimoja katika kazi zao ambacho hakitapewa bei, hata aje nani.

Mambo hayo mawili hutegemeana. Asiyeweza kutaja bei atafanyiwa hisani na kila mtu mpaka achoke na kazi aliyoipenda. Na asiyekuwa na kitu cha kukatalia atamfuata mteja mpaka asijue tena alianza kwa kupenda nini. Mwanamke anayeyaweza yote mawili ndiye mwenye biashara. Wengine ni waajiriwa wa wateja wao, hata kama duka lina jina lao.